Vitu Kumi na Vinne Chini ya Boneti

Gari letu lilitengenezwa na watu waliokuwa na mipira mingi kuliko kazi. Ukifungua boneti huioni injini. Unaona mipira myeusi ya hewa, myembamba kama mirija ya soda, inatoka kwenye kopo hili inaingia kwenye kopo lile, inazunguka nyuma ya tabo, ile feni inayoisukumia injini hewa, inapotea, halafu inatokea tena upande wa betri ikiwa imechoka. Kwa miaka ishirini na sita mipira hiyo imekula joto la ile tabo. Ukiushika mmoja unavunjika kama biskuti.

Nasema gari letu kwa mazoea. Mke wangu ana mwaka na miezi minne kaburini. Yeye ndiye aliyelichagua, na yeye ndiye aliyekuwa akinisomea kitabu chake cha mafundi, maana mimi shule niliiacha darasa la nne. Tuligawana: yeye kusoma, mimi kushika spana. Siku hizi nashika spana tu.

Ikaja amri kwamba kila gari lililozidi miaka ishirini lipelekwe uwanja wa ukaguzi. Nafasi ni tatu. Ukianguka ya tatu wanang'oa namba na gari linakwenda kukatwa, vyuma chakavu. Waliotoa amri hiyo wanaendeshwa kwenye magari ambayo bado yana nailoni kwenye viti, kwa hiyo haikuwauma popote.

Mara ya kwanza nilianguka kwa haki, sikatai. Gari lilikuwa linakatakata kwenye mlima, na likisimama linatetemeka kama lina homa. Mkaguzi mkuu, bwana wa koti jeupe na kalamu nne mfukoni, madereva wanamwita Bwana Tiki, aliandika karatasi akanipa bila kunitazama. Nikampelekea shemeji anisomee. Huyu ni mdogo wa marehemu, kazi yake kupaka rangi magari, na mdomo wake haujawahi kwenda likizo.

"Sikiliza, mzee wa spana. 'Mipira ya hewa inavuja. Vifaa vibovu viondolewe.'"

"Viondolewe?"

"Viondolewe, na muhuri juu. Shemeji, leo wakubwa wamekuamuru kitu unachokitaka. Kaa chini, usije ukaanguka."

Nikaanza Jumatatu asubuhi, uani. Sikung'oa ovyo. Kila kifaa nilikipa nafasi ya kujitetea: nakitoa, nakivuta hewa kwa mdomo, nakigonga, nakitikisa sikioni. Pampu ya hewa ilikuwa imekaza, haigeuki hata kwa nyundo. Kopo la mkaa la kunasia mvuke wa petroli lilikuwa na ufa unaopitisha kidole. Vali ya kurudisha moshi ndani ya injini ilikuwa imeganda masizi, huwezi kujua wapi inaishia vali na wapi yanaanza masizi. Kulikuwa na kidude kimoja ambacho kazi yake ilikuwa kukiambia kidude kingine kifunguke, na hicho kingine hakikuwepo. Sidhani kama tulinunua gari likiwa nacho. Bado chenyewe kilikuwa kimefungwa kwa boliti nne, kimekaa katikati, mahali pa baridi kuliko pote. Nilicheka peke yangu. Watu wa namna hiyo nimewaona wengi, wana meza na kiti cha kuzunguka.

Ikafika Jumatano. Vitu kumi na vinne, ndoo mbili zimejaa. Kila tundu lililobaki nikaliziba kwa skrubu na klipu. Mipira nikaacha mitatu: wa breki, wa tabo, na wa kupimia hewa, yote mipya. Nikawasha. Injini ikashika mara moja, ikatulia. Shemeji akaweka kikombe chake cha chai juu ya kifuniko cha injini na chai haikucheza.

"Dada angeona hili," akasema.

"Angeniuliza kwa nini nimechukua miaka yote hii."

Tukalipeleka mlimani. Tabo ikapiga mluzi, gari likapanda kama limeitwa huko juu. Moshi hakuna. Nikarudi uwanjani wiki iliyofuata nimechomekea shati.

Bwana Tiki hakuliwasha. Hakuuliza hata funguo. Alifungua boneti, akaweka fomu juu ya bawa la gari, akaanza kutafuta kwa kalamu.

"Pampu ya hewa iko wapi?"

"Ilikufa, mkuu."

"Sijauliza afya yake. Iko wapi?"

"Nyumbani, kwenye ndoo. Karatasi yako ilisema vibovu viondolewe."

"Viondolewe, viwekwe vizima."

"Vizima havitengenezwi tena. Kiwanda kiliacha zamani."

"Hilo siyo la idara hii, mzee wangu." Akaandika. Vifaa pungufu, kumi na vinne. Gari lililokuwa linatetemeka lilikuwa na kosa moja. Gari lililopona lilikuwa na makosa kumi na manne.

Shemeji alipoisoma hiyo karatasi alikuna kidevu, akaenda kuchungulia ndoo.

"Tunavirudisha," akasema.

"Vimekufa, shemeji."

"Ndiyo. Tunavirudisha vimekufa. Boliti tu, mpira unaubandika pembeni, ndani ya injini hakiingii kitu. Mimi navipaka rangi ya fedha. Huyo bwana anahesabu, hapimi."

"Unataka nitembeze maiti barabarani?"

"Maiti waliopambwa. Au unataka wakate gari?"

Nikaivuta ndoo kwangu. Alikuwa anajua kwa nini nasita. Siku mke wangu alipofariki alikuwepo. Wodi aliyolazwa dada yake ilikuwa na mashine ya kumpa mgonjwa hewa, imesimama kando ya kitanda, safi, imebandikwa karatasi ya ukaguzi yenye muhuri. Alasiri ile alipobanwa kifua, muuguzi akauvuta mpira wa mashine amwekee puani, na mpira ukaja wote mkononi. Nyuma haukuwa umeingia popote. Baada ya mazishi nilikwenda kwa msimamizi wa hospitali. Alikuwa mpole. Akafungua daftari lake, akanigeuzia nilione: mashine ya hewa, moja, ipo. Hakusema uongo. Ilikuwepo.

Sasa mimi nimekaa uani na spana namba kumi na mbili, narudisha pampu isiyogeuka mahali pake, nakaza, naifuta vumbi. Shemeji alipaka rangi siku nzima bila kupiga domo, jambo ambalo sijawahi kuliona. Nilikuwa najiambia hili ni gari, siyo mtu. Nilijiambia mara nyingi. Na kweli ni gari, lakini ndilo lililobaki ambalo yeye alilikalia, na kiti chake bado kimevutwa mbele kiasi alichokipenda, kwa sababu miguu yake ilikuwa mifupi. Kiti hicho ndicho kingepelekwa kukatwa.

Mara ya tatu, shemeji akaja na mimi. Bwana Tiki alifungua boneti akarudi nyuma hatua moja.

"Hapo sasa! Hili ndilo gari." Akaanza kutia alama. "Ipo. Ipo. Hii ipo. Mzee, umejitahidi kweli. Ipo." Ikabaki pampu ya hewa. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikaushika mpira wake, nikauvuta, ukaja wote.

Shemeji akanikanyaga mguu.

"Haujaingia popote," nikasema. "Angalia. Na huu hapa pia, na ule. Vyote kumi na vinne vimekufa, mkuu. Nimevining'iniza ili wewe uvione."

Shemeji alifumba macho. Kichwani mwangu namba za gari niliziona zimeshang'olewa. Bwana Tiki aliutazama mpira, kisha fomu, akaigeuza upande wa nyuma, akairudisha.

"Mzee, hapa hakuna sehemu ya kuandika hilo."

"Basi andika popote."

"Nikiandika popote wataniuliza nimeandika wapi." Akatia alama kwenye pampu. "Ipo." Akagonga muhuri, akanipa karatasi kwa mikono miwili kama mtu anayetoa zawadi. Shemeji akaipokea yeye kabla sijasema neno jingine.

"Ila huo mpira usiuache unaning'inia," Bwana Tiki akaongeza. "Wenzangu wa barabarani wakiuona watakusumbua. Uchomeke."

"Wapi?"

"Ndani huko. Usionekane tu."

Gari lilikuwa letu tena. Nikainama na mpira mkononi, nikatafuta mahali, nikausukuma nyuma ya betri ambako hakuna kitu, ukagoma, nikausukuma tena mpaka ukakaa. Bwana Tiki alichungulia juu ya bega langu na kuniambia pale ni pazuri. Nikafunga boneti taratibu, rangi isichubuke.