Tanzia ya Malalamiko

Metodi alipokata roho katika hospitali ya mji wao, kaskazini mwa Bulgaria, mkewe Tsvetana alikuwa nje ya geti. Walimtoa kwa sababu saa za kuona wagonjwa zilikuwa zimekwisha. Mzee alikuwa akiomba maji tangu asubuhi, midomo imempasuka.

"Huyu hasikii tena kitu, bibi," muuguzi alimjibu Tsvetana alipomwombea maji, na Metodi pale kitandani akamkonyeza mkewe kwamba anasikia vizuri sana.

Konyezo lile ndilo lililomnyima Tsvetana usingizi. Akapeleka malalamiko kwa mkurugenzi, Daktari Hadzhiev. Kila alipokwenda kuuliza aliambiwa yanashughulikiwa. Majira ya baridi yakaja, yakaondoka, bado yanashughulikiwa.

"Wifi, hayo malalamiko yako yamekufa," alisema Rusalina, dada wa marehemu, wakiwa jikoni wanamenya pilipili hoho za kuchoma.

Tsvetana akaweka kisu chini. "Kama yamekufa, mbona hatujayazika?"

Siku ya pili yake, kwenye geti la hospitali ilibandikwa tanzia yenye mstari mweusi pembeni, kama zile zinazojaa kwenye nguzo na milango ya mji mzima. Mahali pa picha ya marehemu palikuwa na glasi tupu. Chini yake: *Kwa majonzi tunatangaza kifo cha Malalamiko ya Tsvetana, yaliyofia mezani kwa mkurugenzi. Yaliomba maji, hayakupewa.*

Mawifi hao wawili wakasimama kando yake, wamejifunga vitambaa vyeusi, wakigawa vikombe vya ngano ya kuchemsha yenye sukari na kokwa za jozi, kama ilivyo desturi ya kuwakumbuka wafu. Wagonjwa wakateremka na ndala zao. Wauguzi nao wakaja. Dereva wa gari la wagonjwa akarudi mara ya pili na kikombe.

"Marehemu alikuwa mtu mzima?" akauliza huku akitafuna.

"Aa, alikufa mchanga," Rusalina akajibu, akijifuta jicho kavu.

Hatimaye mkurugenzi akashuka mwenyewe, uso umemwiva.

"Bibi, unaniaibisha!"

"Pole sana kwa msiba, daktari. Nyinyi ndio wafiwa wakubwa." Akamtia kikombe mkononi.

Watu wote walikuwa wanamtazama. Kukataa ngano ya wafu ni ufidhuli ambao hata mkurugenzi hawezi kuufanya. Akala kijiko kimoja, akasema kwa mazoea, "Mungu amrehemu."

"Amrehemu nani?"

Hadzhiev akaangalia tanzia, akaangalia kikombe.

"Anaitwa Metodi," Tsvetana akasema taratibu. "Alikuwa mtengeneza mapipa. Alifia humo ndani na kiu, peke yake, na mimi nimesimama hapa hapa."

Dereva akaacha kutafuna.

"Usiku ule kulikuwa na muuguzi mmoja kwa wodi nzima," mkurugenzi akasema. "Mimi ndiye niliyepanga hivyo. Na amri ya kutoa ndugu ilikuwa yangu. Tulipaswa kukuacha ukae naye. Nisamehe, mama." Akala kijiko cha pili. "Mungu amrehemu Metodi."

Toka wiki ile, ndugu wa mgonjwa mahututi haambiwi tena atoke.

Njiani kurudi nyumbani Rusalina alicheka mpaka akashika ukuta. "Nyinyi ndio wafiwa wakubwa! Wifi, utakuja kufungwa!" Tsvetana naye akacheka, kisha katikati ya kicheko akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi, na wifi yake akamwacha alie mpaka aliponyamaza mwenyewe.