Paa la Yasinta

Mjukuu wangu Yasinta alinikuta njiani nimejitwika ndoo ya maji ya jirani. Alikuwa ameshuka kwenye gari la Masasi, hakuwa amepiga simu, na mimi sikuwa na pa kuificha ndoo. Alisimama na begi lake mkononi, akitazama maji yakinichuruzika shingoni.

"Shikamoo, Bibi. Maji hayo ya wapi?"

"Marahaba, mke mwenzangu. Nilikwenda kumsalimu Mama Nurdin."

"Na ndoo?"

"Ndoo nayo ilitaka kusalimu."

Hakucheka.

Yasinta huchora majumba Dar es Salaam, yale ya vioo yanayoumiza shingo ukiyatazama. Miaka miwili iliyopita alikuja hapa Mkunya, akaivunja nyumba yangu kuukuu na kunijengea nyingine yenye kuta nyeupe, vigae sakafuni, na paa la kuficha, lile ambalo ukuta hupanda mpaka juu bati lisionekane. Picha yangu nimesimama mlangoni imetundikwa ofisini kwao, na nasikia wateja huanza kwa kuulizia nyumba hiyo. Sasa walitaka kumpa idara nzima aiongoze. Walimpa mpaka Ijumaa ajibu. Wenzake wangeruka kwa furaha. Yeye aliomba ruhusa, akaja kwangu kufikiri.

Hakutulia hata kidogo. Alitembea chumba hadi chumba, akigonga kuta kwa kifundo cha kidole kama anayebisha hodi kwa mtu asiyeitika. Alikaa kula, akainuka kabla ugali haujapoa.

"Bibi, nina kila kitu," aliniambia, "na kila asubuhi naamka kama mtu aliyeacha kitu jikoni kinaungua."

Mimi nilikijua kinachoungua. Huku juu kwetu maji tunayachuma kwenye bati. Kila nyumba ina gata zake za kukinga mvua na kisima chake cha kuihifadhi, na mvua moja ya kweli ni wiki nyingi za kupika na kufua. Kisima changu kiko chini ya vitofali vya saruji alivyovitandaza mbele ya nyumba ili papendeze. Maji ya paa jipya hutemwa nyuma kwa mabomba mawili, yakaenda kuchimba korongo katika mihogo yangu. Na kila alipopiga simu nilimwambia nyumba nzuri, mjukuu wangu, nzuri sana. Ungekuwa wewe, ungemwambia nini? Mtoto amekujengea kwa jasho lake, halafu umwambie umeninyima maji?

Jumatano asubuhi tulikuwa tunabangua korosho, ulimi ukanishinda.

"Kitendawili."

"Tega, Bibi."

"Binti yangu ana kilemba kizuri, mvua inampiga utosini, na bado anakufa kwa kiu."

Alitaja kuku, akataja uyoga, akataja mnazi. "Umenishinda."

"Nipe mji."

"Chukua Dar es Salaam."

Aliutoa kwa wepesi ulionishtua, kama mtu anayegawa nguo iliyokwisha kumbana.

"Nimekwenda Dar, nimekula wali kwa samaki, nimelala kwenye kiyoyozi, nimerudi," nikasema. "Jibu ni nyumba hii."

Mikono yake iliganda juu ya ungo. Alitoka, akaizunguka nyumba mara tatu, macho juu. Nikamsikia Mama Nurdin ng'ambo ya ua:

"Leo ndiyo umeiona? Sisi tulidhani wasomi mnakunywa vioo!"

"Mbona hamkuniambia, Mama Nurdin?"

"Tukuambie sisi ni nani? Paa lako liko kwenye simu ya kila mtu. Alfredi wa Mnyambe kuta zake zimeshafika kwenye lenta, juu ya madirisha, naye anataka lilelile."

Nilidhani atalia. Alhamisi alishinda amepiga magoti na nyundo, akiving'oa vitofali kimoja kimoja mpaka mfuniko wa kisima ukaonekana. Viganja vilimchubuka. Nilimletea mafuta, akasema baadaye.

Ijumaa akaniambia nivae viatu, tunakwenda Mnyambe.

Alfredi alitupokea kwa mikono miwili. "Mchoraji mwenyewe! Karibu umwone mtoto wako."

Yasinta alizitazama kuta. Zilikuwa zimenyooka, kazi ya mtu aliyejinyima.

"Kaka Alfredi, usiezeke hivi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nilikosea."

Mafundi wawili waliokuwa juu ya jukwaa waliacha kugonga.

"Ulikosea nyumba iliyokupa jina?"

"Hiyohiyo. Bibi yangu anaomba maji kwa jirani."

Niliinamisha uso. Neno lile nililolifunika miaka miwili sasa lilikuwa limewekwa juani mbele ya mafundi.

"Misimu miwili ya korosho imo humu ndani," Alfredi alisema, sauti imempanda. "Misimu miwili, nipate nyumba kama ya Bibi Salome huyu! Leo unataka nirudi kwenye nyumba ya baba yangu?"

"Baba yako alikuwa na maji."

Alfredi aliegemea ukuta wake. Mkewe, Rose, alikuwa akiosha sufuria kwa maji kidogo ya rangi ya chai. Aliliweka chini, akasogea.

Simu ililia mkobani. Yasinta aliitazama, akaona ni ofisini wanataka jibu, akanikabidhi kama mtu anayempa mwenzake mtoto amshikie, kisha akaokota mkaa uliopoa kwenye jiko la mafundi. Kwenye ukuta mpya wa Alfredi akachora mstari wa paa lenye mteremko, gata, na chini yake duara kubwa. Mkaa uliacha vumbi kwenye vidonda vya viganja vyake.

"Mko wangapi hapa?" aliuliza.

Rose alianza kukunja vidole. Watoto watano, mama mkwe, wale wawili wa marehemu shemeji, yeye na mumewe.

"Kumi."

Yasinta aliandika kumi ndani ya duara. "Na wageni?"

Rose alinitazama mimi, kisha akamtazama mumewe, ambaye alikuwa amechuchumaa karibu na ukuta bila kujua amechuchumaa lini.

"Wageni hatujawahi kuwahesabu," alisema.

Mkaa ulibaki hewani. Mkononi mwangu simu ya ofisini ilianza kutetema tena, naye hakuigeukia.