Majani ya Kukondesha ya Profesa Osundina

Profesa Osundina alikuwa na tumbo lililomtangulia mlangoni, lakini redio zote za Ibadan zilikuwa zimemtangaza kuwa amegundua majani ya kukondesha.

Sisi wa maabara tulijua madai yake. Mitokondria ni majiko madogo ndani ya mwili: hula oksijeni, hutoa nguvu. Ipo dawa inayokata uhusiano huo, na kufanya jiko liwake ovyo huku sufuria haichemki. Mzee alidai majani yake yanafanya hivyohivyo. Na kweli, kila alipoidondoshea mitokondria ya ini la panya maji ya majani hayo, mstari wa oksijeni kwenye skrini uliporomoka, ishara kwamba inaliwa kwa kasi.

Lakini alitumia sindano moja kudondoshea dawa na majani, na dawa ile hung'ang'ania sindano kama mafuta ya mawese kwenye kitambaa cheupe. Haitoki bila spiriti. Mzee aliisuuza sindano kwa maji mara moja, akaikung'uta, basi.

Dakta Morenike Alatishe, niliyegawana naye meza, alimwambia mara mbili aioshe kwa spiriti. Mara ya pili akajibiwa, "Binti, mimi nimeosha sindano kabla mama yako hajaolewa."

"Labda ni sindano hiyohiyo," Morenike akasema.

Siku ya kuwaonyesha wakuu wa kitivo, Profesa alianza na dawa yenyewe, kisha majani. Mstari ukaanguka mara zote mbili. Makofi. Morenike akasimama, akaosha chombo kwa spiriti, akaweka mitokondria mpya. Akaomba sindano ya mzee, akavuta maji matupu.

"Hayo ni nini?" Mkuu wa kitivo akauliza.

"Maji ya bomba, bwana."

Akadondosha. Mstari ukaporomoka.

"Ala! Kumbe tunakonda kila tukioga!" mtu akapaza sauti nyuma.

Morenike akaosha tena chombo, akaweka mitokondria mpya, akachukua sindano mpya, akavuta maji ya majani. Mstari haukutikisika. Tulisubiri. Profesa naye alisubiri, jasho likimtiririka shingoni.

"Mitokondria yako imechoka," akasema hatimaye.

Morenike akadondosha dawa halisi. Mstari ukaanguka kama jiwe. "Imechoka wapi, Prof?"

Mkuu alitoka bila kuaga. Nami nilicheka mbele ya Profesa, sijutii.

Wiki iliyofuata Osundina alirudi redioni, akaeleza jinsi wivu wa wanawake unavyoua sayansi. Redio ilikuwa ikilia pale maabara, Morenike ameinamia kazi yake.

"Zima huyo," akaniambia. "Ananipigia kelele."