Kifua cha Mtoto Si Kipimo

Siku ya Jumanne, mwezi wa saba, saa kumi na mbili na robo asubuhi, Nyawira alikuwa jikoni akikwangua mafuta ya nazi kwa kijiko. Yalikuwa yameganda ndani ya chupa, meupe na magumu, kwa sababu Kitengela mwezi wa saba baridi yake haina huruma. Aliweka donge kwenye kiganja, akalisugua mpaka likayeyuka, halafu akaanza kumpaka bintiye Gathoni, wa miaka minane, kuanzia shingoni mpaka vidole vya miguu. Kifua alikipaka mara mbili. Gathoni alisimama juu ya gunia akitetemeka na kukohoa.

Alimpaka kwa sababu mtoto alikuwa amepauka. Na kama hujui aibu ya mtoto aliyepauka, basi hukulelewa upande huu. Mtoto anaweza kwenda shule na kiatu kilichotoboka, watu wakanyamaza. Lakini akienda na miguu ya kijivu, mama yake atasemwa sokoni, atasemwa kanisani, atasemwa na watu ambao hata hawamjui. Watoto wote wa mtaa ule, nje kidogo ya Kitengela unapoelekea Isinya, walikuwa wamepauka miaka minne mfululizo, na akina mama wakasemwa miaka minne mfululizo. Hakuna aliyeinua kichwa akasema neno juu ya kile kiwanda cha kusaga mawe kilichokuwa mita mia nne kutoka milangoni mwao. Watu walikiita krasha. Kilisaga kokoto kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili pia, na vumbi lake lilitua juu ya mabati, juu ya nguo zilizoanikwa, na ndani ya chai kabla hujatia sukari.

Mafuta yenyewe Nyawira aliyapata kwa rafiki yake Ndulu, aliyeolewa Kaloleni huko Pwani, ambaye alimtumia jerikani kwa basi kila mwezi. Hayakuwa yale ya dukani, yaliyosafishwa mpaka yakakosa harufu. Haya yalinukia nazi, na ukikaangia mandazi jirani alijua. Nyawira alikaangia mandazi, alipaka nywele kabla ya kusuka, alipaka visigino, na yaliyobaki aliyauza kwa chupa ndogo kwenye meza yake karibu na soko. Haikuwa kazi rahisi. Wateja wakiamka asubuhi na kukuta mafuta yameganda, walirudi mbio wakisema wameuziwa mafuta ya mkebe ya kupikia chapati.

"Hii si nazi, Mama Gathoni. Umetuchanganyia."

"Weka kwa jua uone."

Waliweka kwa jua, yakawa maji, mtu akaona mpaka chini ya chupa. Kesho yake asubuhi walirudi tena na maneno yale yale.

Ijumaa ya wiki hiyo jua liliwaka mapema. Saa nne kasoro, wakati wa somo la hesabu, Gathoni alifungua vifungo viwili vya shati kwa sababu ya joto, na kifua chake kikawa wazi. Ngozi ilifanya kile kile ambacho mafuta hufanya: ilipata moto, ikaacha kuficha. Mbavu zilionekana zote. Moyo ulikuwa mdogo, kiasi cha ngumi yake, ukifanya kazi yake bila kupumzika. Mapafu yalikuwa mawili, mekundu kidogo upande wa juu, na kuanzia chini mpaka ubavu wa tatu yalikuwa yamejaa vumbi la kijivu, limetulia kama unga ndani ya pakiti.

Mwalimu Naeku, aliyefundisha Gredi ya Tatu, aliona hiyo ni nafasi nzuri. Somo la mapafu lilikuwa la wiki inayofuata, na chati ya shule ilikuwa imeliwa na panya. Alimsimamisha Gathoni juu ya kiti, akafundisha kwa rula, na watoto wakachora. Wote walipaka rangi ya kijivu chini. Mwalimu aliwapa alama za vema. Jioni, kifua kilipokuwa kimeganda na kurudi kuwa ngozi ya kawaida, alimwandikia mama kwenye daftari kwamba shati la mtoto lishonwe vifungo, maana anasumbua wenzake.

Nyawira alisoma ule ujumbe. Kesho yake, Jumamosi, alimweka Gathoni kwenye jua la saa sita na kuangalia mwenyewe. Alichukua biro, akachora mstari mdogo juu ya ngozi pale kijivu kilipoishia. Jumamosi iliyofuata kijivu kilikuwa kimeupita mstari kwa upana wa kucha. Hapo ndipo hasira ilipomshika, tena hasira mbaya, ya mtu aliyejilaumu miaka minne kwa jambo alilofanyiwa. Kumbe alikuwa akipaka mafuta juu ya kitu kilichokuwa ndani!

Habari zilienea kama zinavyoenea habari za maji yakifika kwenye mfereji. Mama wengine walikuja kununua mafuta, na hakuna aliyerudisha chupa tena. Ndani ya mwezi mmoja, ikifika saa nne, watoto wa mtaa mzima walikuwa wazi vifuani. Kila mama alikuwa na biro yake. Wa mmoja amefika ubavu wa pili, wa mwingine wa nne, na mapacha wa nyumba ya kona walikuwa sawasawa mpaka sentimita. Walizungumzia mbavu kama watu wanaozungumzia saizi ya viatu.

Jirani yake Nyawira, mama mzee wa Kimaasai aliyeitwa Yieyo Nashipae, hakuona jipya lolote.

"Hata mbuzi zangu," alisema. "Nikichinja, mapafu ni kama simiti. Mbwa inanusa, inaenda. Nilipeleka kwa chifu, akaniuliza kama mbuzi iko na barua ya daktari."

"Na wewe ukamwambia nini, Yieyo?"

"Ningemwambia nini? Nilimwachia hiyo mapafu kwa meza."

Tatizo lilikuwa nyumbani. Gichuru, mume wa Nyawira, alikuwa dereva wa lori pale krasha. Alipoonyeshwa kifua cha bintiye, alikiangalia kwa muda mrefu, akahesabu mbavu kwa kidole, kisha akaenda kunawa mikono.

"Nyawira, hiyo krasha ndiyo inatulisha."

"Naona vile inamlisha Gathoni. Amejaa mpaka hapa."

"Sasa unataka niache kazi?"

"Nataka wamwage maji kwa mawe kabla wasage. Maji tu! Na wazungushe ua. Hicho ni kitu kikubwa?"

Gichuru alijua si kitu kikubwa. Alijua pia kwamba pampu ya kumwagia maji ilikuwepo, mpya, ndani ya stoo, ikiwa bado imefungwa kwa nailoni, na kwamba hutolewa nje kuonyeshwa siku wageni wakija.

Akina mama walipeleka malalamiko, na chifu akaitisha baraza kwenye uwanja wa shule, siku ya Alhamisi saa tano. Nyawira na akina mama kumi na saba walifika mapema, wakapanga watoto wao mstari mmoja juani, wakawavua mashati. Kutoka ofisi ya serikali, yenye jina refu ambalo halikutosha kwenye mlango wa gari, alikuja afisa mmoja aitwaye Hillary, kijana msafi, viatu vinang'aa. Alitembea mbele ya mstari ule pole pole, mikono nyuma, kama anayekagua gwaride. Aliangalia kila kifua. Aliposimama mbele ya Gathoni aliinama kabisa.

"Huyu ako ubavu wa nne," alisema.

"Wa nne na nusu," akasema Nyawira. "Na akipanda ngazi anashika ukuta. Mtoto wa miaka nane."

"Naelewa, madam. Na haya mafuta mnampaka, yako na alama ya ubora?"

Nyawira alidhani hakusikia vizuri.

"Umeona kifua ya mtoto?"

"Nimeiona, haina shida. Nauliza mafuta."

Watu wazima waliokuwa pale, wenye akili zao, wengine wamesoma, walisimama wakasikiliza swali hilo na hawakumfukuza. Sijui tulilogwa na nani. Hillary alichukua chupa mbili za mafuta, akazibandika karatasi, akaandika tarehe na saa. Hakuchukua hata kijiko cha vumbi, ingawa alikuwa amelikanyaga, lilikuwa kwenye kola yake, na alipoaga alipiga chafya mara tatu. Jerikani ya Nyawira ilipakiwa kwenye gari pia. Wakati huo huo krasha walilipua baruti, ardhi ikatikisika, na wingu likaja taratibu juu ya uwanja. Chifu alifunga baraza kwa maombi.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu, ikiwa na muhuri. Nyawira aliisoma amesimama kwenye meza yake, ambayo sasa ilikuwa na sukuma wiki badala ya mafuta.

Barua ilisema kwamba malalamiko yamepokelewa. Ilisema mashine ya kupima vumbi iko kwenye matengenezo. Ilisema mistari ya biro iliyowasilishwa na wazazi haiwezi kutumika, kwa kuwa kifua cha mtoto si kipimo kinachotambulika. Ilisema zaidi kwamba mafuta ya nazi yamepelekwa kwenye maabara, yamechunguzwa kwa kina, na yamepatikana kuwa ni mafuta ya nazi, na hivyo yasiuzwe kwa umma mpaka yapate alama.

Aliisoma mara mbili. Kisha akaikunja, akaitumia kufungia mteja pilipili, kwa sababu alitaka ifanye angalau kazi moja ya maana.

Kuzuia kuuza hakukusaidia kitu. Chupa za zamani zilikuwepo nyumbani, na hata watoto waliokosa mafuta waliendelea kuwa wazi ikifika saa nne, maana mafuta yalikuwa yameshaingia. Kwa hiyo krasha ikatoa msaada. Sweta mia mbili, nzito, zenye shingo ndefu, za rangi ya buluu, na kifuani zimeandikwa kwa herufi nyeupe: TUNAJALI JAMII. Gichuru ndiye aliyeendesha lori lililozileta, kwa sababu ndilo zamu yake ilimpa. Mwalimu mkuu alitangaza kwamba sweta isivuliwe ndani ya uwanja wa shule, jua liwe jua. Gathoni alichaguliwa kutoa shukrani kwa niaba ya wanafunzi. Alisema, "Tunashukuru sana," akashikwa na kikohozi, na wageni wakadhani amemaliza, wakapiga makofi.

Nyawira hakupiga makofi. Alikuwa nyuma kabisa, karibu na choo, na alitukana kwa Kikuyu maneno ambayo mama yake alikuwa akiyahifadhi kwa ajili ya wezi wa kuku. Aliyatamka kwa sauti. Watu wawili waligeuka, wakamwona ni nani, wakarudisha macho mbele.

Jumapili iliyofuata, baada ya kanisa, Gichuru alikaa kwenye stuli nje ya nyumba. Zamu yake ilikuwa ianze saa nane. Alisikiliza krasha ikinguruma, kisha akavua shati.

"Nipake na mimi," alimwambia mkewe.

Miaka yote alikuwa amekataa, akisema yeye si mtoto wala mwanamke. Nyawira hakumchokoza. Alileta chupa, mafuta yakiwa maji matupu kwa joto la mchana, akampaka kifua na mabega kwa mikono miwili, kama alivyokuwa akimpaka mtoto. Gathoni alikuja kusimama karibu, naye amevua sweta kwa sababu hapa hapakuwa na mwalimu mkuu.

Hawakungoja sana. Ngozi ya Gichuru ilipata moto na kuwa wazi, na hapakuwa na haja ya kuhesabu mbavu, kwa sababu hakuna ubavu uliobaki wazi. Kijivu kilikuwa kimejaa kutoka chini mpaka mifupa ya mabega. Moyo ulikuwa umebanwa katikati, ukigonga kama mtu aliyefungiwa ndani ya stoo.

"Imefika wapi?" Gichuru aliuliza. Hakuwa ameinamisha kichwa kuangalia.

Nyawira alijipangusa mafuta kwenye kanga. Alitaka kupiga mtu, mtu yeyote aliyevaa viatu vinavyong'aa, lakini aliyekuwa mbele yake ni huyu tu, na huyu alikuwa anauliza kwa upole.

"Shingoni," alisema.

Gichuru aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa saa.

Gathoni aliangalia kifua cha baba yake, kisha akainama na kuangalia chake. Aliweka kidole pale kijivu chake kilipoishia, akakipandisha mpaka shingoni, akipima safari iliyobaki. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na ile hamu ya mtoto anayepimwa urefu ukutani.

"Baba, na yangu ikifika pale yako imefika," aliuliza, "nitakuwa nimekuwa mkubwa?"

Gichuru alimwangalia Nyawira. Nyawira alimwangalia Gichuru, kisha akafunika chupa ya mafuta.

"Ndio, mami," Gichuru akasema.

Halafu akavaa shati lake, akalifunga vifungo vyote, akaenda kazini.