Mjane wa Ukurasa wa Arobaini

Mwaka huu Profesa Symphorien alibuni zoezi, akajisifu nalo chuo kizima. Aliwapeleka wanafunzi wake wa sayansi ya siasa maktabani, akawapa mémoire, yaani tasnifu, ya mwanafunzi aliyemaliza zamani, kuhusu ugomvi wa malisho huku Masisi, akawaambia wamtafute "Mama N." ni nani. Mwandishi alikuwa ameficha jina tu. Ukurasa wa arobaini ulieleza kila kitu kingine: mjane wa Nyamitaba, muuza jibini, shamba lake liko chini ya kanisa, na alimwona kwa macho yake bwana mmoja mwenye ng'ombe akiwaleta watu wa bunduki kwa majirani. Profesa aliliita zoezi hilo kulinganisha vyanzo. Mimi naliita upumbavu wa mtu aliyeshiba.

Uwamwezi, mmoja wa wanafunzi hao, aliusoma ukurasa ule. Mjane yule alikuwa mama yake, Agathe. Na kwenye meza ya mbele alikaa Prince Habineza, ambaye baba yake ndiye mwenye ng'ombe huyo.

Alimwomba Mama Bibiche, mtunza maktaba, aiondoe mémoire ile. Mama Bibiche akamjibu kwamba maktaba haifichi kitabu kwa ajili ya mtu mmoja. Alimwomba Profesa abadilishe zoezi, naye akamwambia mwoga aende akasomee ushonaji.

Siku ya kutoa majibu, wenzake walikuwa wamechambua ramani na ripoti za zamani, wakabakiza wajane wawili: Agathe na jirani yake Mukandori. Prince akageuka.

"Dada, Nyamitaba njo kwenu. Ni nani?"

"Ni Mama Mukandori," alisema Uwamwezi.

Akatoa na ushahidi, ripoti ya parokia iliyotaja shamba la Mukandori chini ya kanisa. Mwanamke huyo alimbeba mgongoni alipokuwa mdogo. Profesa alimpigia makofi, darasa zima likafuata. Uwamwezi alijiambia kwamba Mukandori ni mzee, hana kitu, nani atahangaika naye. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Jumamosi mama yake alipiga simu. Mukandori ameuawa kwa panga nyuma ya zizi lake, na wauaji walipita wakiwaambia majirani kwamba hayo ni malipo ya kusemasema na watu wa vitabu. Agathe hakuwa akilia. Alikuwa na hasira.

"Mukandori hakusemaka na muntu. Mimi njo nilisema na ule mwanafunzi. Kesho ku maziko nitasema mbele ya bantu bote, na Papa Habineza atakuwa pale."

Uwamwezi alimsihi akimbilie Itebero kwa mjomba, hata kwa miguu, usiku huo huo. Agathe akakataa. Hawezi, alisema, kumwacha mwenzake azikwe na kosa lisilo lake. Kisha akauliza ni nani aliyewaelekeza kwa Mukandori.

Uwamwezi angeweza kunyamaza. Lakini alidhani ukweli utamvunja mama yake nguvu, naye atakubali kukimbia.

"Ni mimi, Mama. Nilitaka bakuache."

Nyuma ya Agathe zilisikika sauti za wanawake waliokuwa wakiomboleza.

"Basi usikuje ku maziko ya Mukandori," alisema. "Na ku yangu pia usikuje."

Akakata simu.