Moshi Unakokwenda Kukaa

Fundi taa alipenda kuujaribu ukumbi kabla wageni hawajajaa. Aliwasha mashine ya moshi, ule unaowafanya maharusi waonekane wanatembea mawinguni, akakaa juu ya ngazi yake kutazama. Moshi ukateremka jukwaani kwa madaha, ukavipita viti vya mbele bila salamu, ukafika pembe ya wazee. Hapo ukaganda. Mpambaji alikuwa ameziba madirisha yote kwa vitambaa.

Fundi akaacha kutafuna karanga zake. Pembe ile ndiyo aliyotengewa Bibi yake, aliyetoka hospitali juzijuzi, kifua bado kinakoroma, na daktari kamwonya ajihadhari na mafua ya watu. Lakini anayeolewa ni mjukuu wake, mdogo wake fundi. Nani wa kumfungia ndani? Na mwenye hotuba ni Mjomba Spika, ambaye hata siri huitolea tangazo, na wiki nzima alikuwa akikohoa. Pumzi haionekani, fundi akawaza, ila itapita wapi kama si njia hii hii?

Akamwomba mpambaji afunue madirisha. Mpambaji akasema yana kutu, naye hakuitwa kupamba kutu. Basi fundi akahangaika na kiti cha Bibi, huku na kule, moshi juu ya moshi, mpaka mlango wa pembeni. Hapo moshi ulikata kona ukatoka zake.

Bibi alipofika alikunja uso. Amekuwa bawabu lini? Fundi akamwashia mashine. Bibi akaufuata moshi kwa macho, shingo upande.

"Kwa hiyo Spika akikohoa jukwaani, wazee wanavuta kule pembeni?"

"Wanavuta, Bibi."

"Na akinyamaza?"

"Hajawahi."

Hotuba ikapita salama. Kisha Mjomba akashuka, mikono wazi, na nyuma yake ukoo mzima, wote wanataka kumkumbatia mgonjwa aliyepona. Fundi akashika kichwa: amehamisha kiti, kasahau salamu.

Bibi akainua bakora, ncha yake ikatua kwenye tai ya Mjomba. "Hapo hapo, baba. Anayenipenda anifuate nje, tena kwa mbali."

Akakiburuta kiti mwenyewe hadi uani. Bi harusi akakusanya gauni akamfuata, na mstari mzima ukageuka.

Fundi alishuka ngazi, akaanza kutafuta waya mrefu wa kuifikisha mashine uani. Huko nje, je, pumzi inafika wapi?