Kiingereza cha Mwanne

Kikombe ndicho kilichomkera kwanza.

Mwajabu alikuwa amekisugua kwa majivu, akakisuuza mara mbili kwa maji ya kununua, maana mwezi wa saba Dodoma maji hayachezewi, akakijaza chai ya maziwa yenye tangawizi. Mgeni akakipokea kwa mkono wa kushoto. Kisha akatoa kitambaa mfukoni, akakidondoshea dawa ya kichupa, akaufuta ukingo wa kikombe pande zote, taratibu, kama mtu anayefuta kamasi za mtoto asiye wake.

Watu wote chumbani wakageuka kumtazama. Na nyumba ile ya Makole haikukosa watu. Tangu alfajiri ilijaa majirani, wapita njia na mashoga wa mashoga. Aliyekosa habari ya mjini alikwenda kwa Mwajabu kuichukua ikiwa bado ya moto.

"Mbona nasikia harufu ya hospitali?" Loisi, jirani yake, akauliza.

"Nyamaza wewe, ni mtoto," Mwajabu akamwambia. Lakini mate yalikuwa yamemjaa mdomoni.

Mtoto mwenyewe aliitwa Pamela, miaka kumi na sita, mmoja wa wanafunzi wanne walioletwa kwa ndege kutoka Uingereza mwaka ule wa hamsini na sita, wakae wiki sita ndani ya nyumba za watu wajifunze Kiswahili. Kwao ilikuwa likizo ya kiangazi. Huku ulikuwa msimu wa baridi, upepo ukipuliza vumbi hadi kwenye meno.

Aliyewaleta ni Madamu Wilkoksi, mwanamke mrefu mwenye shamba la chai Mufindi, aliyejipa kazi ya kuwafundisha. Mwezi mmoja kabla, alifika kwa Mwajabu akiongozana na tarishi wa Boma.

"Toto yangu nakaa kwako," alisema. "Wewe nasema naye Kiswahili tu. Chakula yake mimi naleta."

"Chakula chake kipo," Mwajabu akajibu. "Na wangu je?"

"Wako nani?"

Mwajabu akamwita Mwanne, binti yake wa miaka kumi na minne. Mwanne alikuwa amemaliza darasa la nne kwa alama nzuri, nafasi ya kuendelea ikakosekana, na sasa huo ulikuwa mwaka wa pili yupo nyumbani anachambua karanga na kusoma magazeti yaliyofungiwa sukari. Mwajabu hakuomba ajabu. Kwao Kondoa watu walikuwa wanapokeana watoto: wa mwenzio akilala kwako, wako ana pa kulala kwa mwenzio, anakula na watoto wa pale na kutumwa pamoja nao. Yeye mwenyewe alilelewa hivyo kwa shangazi wa watu.

Madamu akamtazama Mwanne kuanzia kichwani hadi miguuni. Akamwambia anyooshe mikono. Akazikagua kucha.

"Mzuri," akasema. "Huyu nakuja kwangu Mufindi. Nakaa nyumba yangu mwaka mzima, najifunza Kiingereza. Mimi naanza fundisha yeye hapahapa, pamoja na toto ingine."

Basi! Kabla jua halijazama, soko zima lilikuwa na habari. Kufikia Ijumaa, abiria wa treni walikuwa wameipeleka hadi Bahi kwamba binti wa Mwajabu na mumewe Halfani wa reli anakwenda kukaa Uzunguni na kuzungumza kama gavana.

Kwa ajili hiyo Mwajabu alivumilia. Alivumilia kichupa cha dawa. Alivumilia mkono wa kushoto ndani ya sinia la ugali, mpaka wageni wawili wakanawa wakaaga kuwa wameshiba kabla hawajala. Alivumilia hata asubuhi ile ya pili, mgeni alipotoka chumbani na daftari, akamnyooshea kidole mbele ya watu: "Wewe! Lete maji moto. Upesi!"

"Ehee," Loisi akasema. "Mwenye nyumba kaamka."

"Nani kakufundisha?" Mwajabu akamuuliza yule binti.

Pamela akaonyesha daftari. Aliyemwandikisha alikuwa Madamu. Lilikuwa limejaa hayo: lete, ondoa, fagia, nyamaza, wewe mwongo. Mwajabu alipofunguliwa kurasa na Mwanne na kusomewa, alihisi kama ameshika panya aliyekufa.

Akaamua kumfunza mwenyewe. Mkono wa kulia ndio wa kulia chakula. Mkubwa huamkiwa shikamoo, naye huitikia marahaba, hata kama mnachukiana. Hili Mwajabu alilishika sana. Mpwa wake aliyemwibia mbuzi alipokuja kuamkia, alimwitikia marahaba kwanza, ndipo akamfukuza na mwiko. Pamela alikuwa na akili. Wiki ya tatu alikuwa anakaa mkekani, anamega kwa mkono wa kulia, anacheka umbea kabla ya mwisho wake. Kichupa kilisahaulika dirishani. Ila kila alasiri aliitwa darasani kwenye nyumba ya wageni ya serikali, akarudi jioni amekunja uso, amri zimemjaa tena mdomoni. Mwajabu anamfua asubuhi, Madamu anamchafua jioni.

Mwanne naye alikwenda na kurudi, akinong'ona Kiingereza chake peke yake hata akichota maji.

Wiki ya tano mama na binti walikwenda dukani kwa Shirin kununua kitambaa cha gauni la safari. Shirin, mke wa mwenye duka, alikuwa amesoma shule ya Wahindi mpaka darasa la nane, na Kiingereza alikijua.

"Mwanne, hebu mwonjeshe Bibi Shirin Kiingereza chako," Mwajabu akasema kwa sauti ya kufika nje.

Mwanne akasimama wima, mikono nyuma. Kikamtoka kama maji ya bomba. Wanawake waliokuwa dukani wakapiga vigelegele. Shirin alikuwa anatabasamu. Kisha tabasamu likamwishia, mkasi ukasimama juu ya kitambaa.

"Rudia, mwanangu."

Mwanne akarudia.

"Mama Mwanne," Shirin akasema kwa sauti ya chini, "unajua anachosema?"

"Kiingereza."

"Anasema, ndiyo memsahib, yaani ndiyo bibi mkubwa. Chai tayari, memsahib. Mtoto amelala, memsahib. Samahani, memsahib, sitarudia tena."

"Na mengine?"

Shirin akamtazama Mwanne. Mwanne akatazama chini.

"Mengine hakuna, mama. Ni hayo tu wiki zote. Madamu anasema natamka vizuri kuliko yaya wake aliyeondoka."

Ndipo Mwajabu akazikumbuka zile kucha. Alivyosimama akijivuna huku mwanawe anakaguliwa vidole kama mbuzi anavyokaguliwa meno mnadani! Akakisukuma kitambaa upande wa pili wa meza.

"Kitambaa nikate?" Shirin akauliza.

"Usikate."

Siku ya kuagana Mwajabu alikwenda nyumba ya wageni na watu wake wote nyuma yake, nyumba nzima. Lori lilikuwa tayari. Wazungu wa mjini walikaa vitini, wanafunzi wakasimama mmojammoja kuonyesha walichojifunza. Ikafika zamu ya Pamela. Akamtazama Mwajabu. Akamtazama Madamu. Uso ukamwiva.

"Wewe!" akamwambia Mwajabu. "Lete chai hapa. Upesi!"

Waliokaa vitini wakapiga makofi.

"Vema sana!" Madamu akasema, akageuka. "Mwanne, sanduku yako wapi?"

"Haendi," Mwajabu akajibu.

"Wewe hapana elewa. Mshahara iko."

"Nimeelewa. Mimi nilipokea mtoto, Madamu. Wako kalala kwangu wiki sita na hakuna aliyemtuma hata kijiko. Kumbe wewe ulikuwa unatafuta yaya. Wa kwangu umemkosa."

"Mama," Mwanne akamvuta kanga, machozi yanamtoka, "mimi ningekwenda tu. Nyumbani nitafanya nini?"

Swali hilo lilimchoma kuliko yote. Akamshika mkono, wakageuka.

"Sasa mjini tuseme nini?" Loisi akanong'ona. "Ulishawatangazia wote."

"Waambieni nilijitangazia uchafu. Nitawasimulia mwenyewe."

Walikuwa wamefika kwenye ua wa minyaa waliposikia viatu vinakimbia. Pamela. Alisimama mbele ya Mwajabu, akainamisha kichwa, sauti ndogo, sawasawa kama alivyofundishwa.

"Shikamoo, mama."

Watu wote wakamtazama Mwajabu, wakisubiri. Alimtazama yule binti, akatazama kule vitini, mbali, Wazungu wasikoweza kumsikia. Mdomo ulikuwa umemjaa mate.

Akageuka pembeni, mbali na miguu ya mtoto, akatema. Kisha akashika njia ya Makole, na shikamoo ile akaiacha palepale bila marahaba.